Shajara ya paa la gari la kulala: kusaka na kuziba mivujo kabla ya masika

Jumamosi, 4 Januari

Gari hili la kulala lilitumika kwanza Japani, likashushwa katika bandari ya Dar es Salaam miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo limetufikisha Lushoto, Mikumi na Iringa bila kutuangusha njiani. Chasisi yake ni ya lori dogo la dizeli, na juu ya chasisi hiyo imejengwa nyumba ya faibaglasi yenye jiko, meza, vitanda viwili vya nyuma na kitanda kimoja kilicho juu ya kichwa cha dereva, ambacho watoto wamekifanya chao.

Mvua za mwisho za vuli ndizo zilizotufumbua macho. Nilipoinua godoro la watoto wiki iliyopita nilikuta doa la kahawia lenye upana wa kiganja, na nilipolibonyeza kwa kidole gumba, plaiwudi ilididimia kama mkate uliochovywa kwenye chai. Harufu ya kuvu ilikuwapo kwa muda mrefu, nasi tulidhani ni ya magodoro.

Leo nimepanda ngazi na kulitazama paa kwa makini kwa mara ya kwanza. Kila kiungo kimefunikwa na silikoni, nyingine nyeupe, nyingine ya kijivu, nyingine iliyokwisha kuwa ya manjano, tabaka juu ya tabaka. Sehemu ya kazi hiyo niliilipia mwenyewe: karakana moja ya hapa mjini ilinihakikishia mwaka juzi kwamba paa limezibwa, kumbe haikufunguliwa hata skrubu moja, bali silikoni mpya ilipakwa juu ya ile ya zamani. Nimeumia kwa hilo, kwa sababu maji yaliendelea kuingia muda wote huo huku sisi tukiamini kwamba hayaingii.

Nimejiwekea sharti moja kabla ya kushika chombo chochote: sitaziba mahali popote mpaka nijue mahali pote. Paa hili ni la tabaka tatu. Juu kuna ngozi ya faibaglasi yenye unene wa takriban milimita 2, katikati kuna povu jeupe la polistairini, na chini kuna plaiwudi nyembamba iliyobandikwa karatasi ya plastiki inayoonekana ndani. Maji yakipita kwenye ngozi ya juu hayadondoki palepale, bali husafiri kati ya povu na faibaglasi, hufuata mteremko, hufuata nyaya, hukusanyika kwenye kipande cha mbao, kisha hutokea mita moja au mbili kutoka yalikoingilia. Anayeziba juu ya doa anaziba mahali ambapo maji yalichoka kutembea.

Masika huanza Machi. Nina miezi miwili ya kaskazi, yaani jua kali na mvua chache, na huo ndio muda wote nilio nao.

Jumapili, 5 Januari

Siku nzima imekwenda katika kuchora ramani. Mke wangu alishika karatasi ya mraba, mimi nikashika kipima unyevu chenye sindano mbili, tukapima dari lote kila baada ya sentimita 20. Kwanza tulipima mlango wa kabati ambao haujawahi kuguswa na maji, ukasoma asilimia 15, nami nikaichukua namba hiyo kuwa ndiyo ukavu wa kawaida kwa mbao zinazokaa katika hewa ya pwani. Chini ya hapo sitafika hata nikikausha mwaka mzima.

Ramani ilipokamilika haikufanana na nilivyodhani. Juu ya kitanda cha watoto usomaji ulifika 34, kama nilivyotarajia, lakini kulikuwa na ukanda mwembamba wa 26 hadi 28 uliotoka kwenye dirisha la paani, ukapita juu ya jiko hadi kwenye kabati la nguo, mahali ambapo jicho halioni dosari yoyote. Kona ya nyuma kushoto nayo ilisoma 22. Kwa hiyo kuna angalau mikondo miwili, huenda mitatu, na doa tuliloliona ni mwisho wa mmoja tu.

Jumamosi, 11 Januari

Jaribio la maji. Tulitumia mpira wa bustani uliounganishwa na simtanki, maji yakishuka kwa uzito wake tu. Mashine ya kuoshea magari sikuitaka, kwa kuwa nguvu yake huyasukuma maji mahali ambapo mvua haifiki, na mtu anaweza kujitengenezea mvujo ambao haukuwapo.

Kanuni ya jaribio hili ni kuanza chini na kupanda juu. Ukianza kumwaga juu, maji yanapita kwenye viungo vyote kwa pamoja na huwezi kujua ni kipi kilichoyaingiza. Tulianza na madirisha ya ubavuni, tukaenda kwenye ukingo wa paa, kisha kwenye kiungo cha kichwa cha dereva, kisha dirisha la paani, na mwisho mabano ya paneli za sola. Kila sehemu ilimwagiwa dakika 15, mtoto wetu mkubwa akiwa ndani na tochi, huku plaiwudi ikiwa imefunuliwa kila ilipowezekana.

Dirisha la paani lilijitaja ndani ya dakika nne: tone lilining'inia kwenye kona yake ya nyuma kushoto, likakua, likaanguka, likafuatwa na jingine. Kwenye kiungo cha kichwa cha dereva hatukuona kitu, na kwa mabano ya sola vilevile. Tulifunga kazi saa kumi alasiri. Saa moja usiku, nilipoingia kuchukua tochi niliyoisahau, nilikanyaga maji sakafuni chini ya kitanda cha watoto. Yalichukua zaidi ya saa tatu kufika hapo, na mpaka yanafika tulikuwa tumekwisha kumwagia sehemu nyingine mbili. Jaribio la mpira linafaa kwa tundu kubwa, lakini kwa ufa mwembamba linathibitisha tu kwamba maji yanaingia, lisiseme wapi.

Jumamosi, 18 Januari

Hii ni siku niliyojifunza zaidi kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Badala ya kusubiri maji yaingie, tulisukuma hewa itoke. Ukiijaza nyumba ya gari hewa nyingi kidogo kuliko iliyoko nje, hewa hiyo itatoka katika kila tundu ambalo mvua hutumia kuingilia, na ukipaka maji ya sabuni juu ya paa, kila tundu litapuliza povu. Tulifunga madirisha yote, tukaziba bomba la sinki, matundu ya hewa ya sakafuni na ya nyuma ya friji kwa nailoni na selotepu, kisha tukaweka ubao kwenye dirisha la bafuni, tukautoboa na kuupachika blawa ya karakana, yaani mashine ya kupulizia hewa. Gesi ilikuwa imefungwa na mtungi kutolewa nje kabisa, kwa sababu matundu ya sakafuni yapo ili gesi ikivuja itoke, na hayapaswi kuzibwa hata saa moja ikiwa mtungi uko ndani.

Shinikizo nalo lilihitaji kupimwa, maana hewa ikizidi inaweza kuling'oa dirisha la paani. Fundi mwashi anayejenga kwa jirani alituazima mpira wake mwangavu wa kupimia usawa wa kuta. Tuliukunja kama herufi U, tukautia maji kidogo yaliyochanganywa na rangi ya chakula, ncha moja tukaipitisha ndani kwenye tundu la waya na nyingine ikabaki nje. Blawa ilipowashwa, maji ya upande mmoja yalishuka na ya upande wa pili yakapanda, tofauti ikasimama kwenye milimita 18. Ni shinikizo dogo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa katika hewa tulivu, upepo unaolipiga usoni una shinikizo la karibu milimita 30 kwa kipimo hichohicho, na ndiyo maana tulivujiwa vibaya zaidi tulipokuwa njiani kutoka Morogoro mvuani kuliko gari lilipoegeshwa nyumbani.

Tulianza saa moja asubuhi, kabla jua halijachoma paa na kuikausha sabuni. Kona ya dirisha la paani ilitoa mapovu makubwa yaliyopasuka kwa sauti ndogo. Skrubu ya tatu ya bano la sola, ambayo jaribio la mpira liliipitisha kuwa salama, ilijifunika povu laini kama la sabuni ya kunyolea. Mahali waya wa antena unapoingilia palitoa povu moja, likapasuka, likaja jingine, taratibu kama mtu anayepumua usingizini.

Kwenye kiungo cha kichwa cha dereva hapakuwa na kitu. Nilipaka, nikasubiri, nikakaribia kuondoka. Ndipo mke wangu, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye ubao na uso wake karibu na paa, akaniambia nisimame. Msitari wa mapovu madogo mno, kama shanga za kufumia, ulikuwa umejipanga pole pole kwenye rangi iliyoonekana nzima kabisa, sentimita tatu nyuma ya kiungo chenyewe. Tuliupima: sentimita 22. Silikoni zote zilizopakwa kwa miaka mingi zilikuwa kwenye kiungo. Ufa ulikuwa pembeni yake, na hakuna aliyewahi kuugusa.

Tumepata sehemu saba kwa jumla na kuzizungushia krayoni nyekundu.

Jumapili, 19 Januari

Nilikwenda Kunduchi kumtafuta mzee mmoja anayetengeneza boti za faibaglasi, nikarudi naye. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kabla hajakaa, "Wapi kunakovuja, mwanangu?"

"Kunadondoka juu ya kitanda cha watoto, mzee."

"Sikukuuliza kunakodondoka."

Nilimpeleka kwenye krayoni. Aliifuta sehemu ya ufa kwa kitambaa chenye asetoni, akainama kuitazama kwa mshazari. Asetoni ilikauka mara moja kwenye sehemu laini, lakini iliyoingia ufani ilichelewa, ikaacha msitari mweusi ulioonekana kwa sekunde chache kisha ukatoweka. Alirudia mara tatu, kila mara akifuata msitari kwa penseli, na ufa wetu wa sentimita 22 ukawa wa sentimita 31 wenye tawi moja.

Kisha alitoa sarafu ya shilingi 200 na kuanza kugonga paa, sentimita kwa sentimita. Kwenye paa zima sauti ilikuwa kavu na fupi. Kuzunguka ufa ilikuwa nzito na butu, na eneo hilo butu lilikuwa pana kama sinia ya pilau. Maelezo yake yalinishawishi: chini ya sehemu hiyo kulikuwa na upapi wa mbao ulioshikilia kiungo, upapi umeoza na kuachana na faibaglasi, kwa hiyo kila mtu aliyepanda paani akaweka mguu hapo aliipinda ngozi kidogo, mpaka ikapasuka. Tukiuziba ufa tu bila kurudisha upapi, ngozi itaendelea kupinda na ufa utarudi pembeni ya kiraka. Hapo nilielewa kwamba kazi ya paa itaanzia chini.

Jumamosi, 25 Januari

Tumefungua dari juu ya kitanda cha watoto. Plaiwudi ilitoka kwa vipande vya mkononi, na upapi uliokuwa nyuma yake ulikuwa umegeuka kuwa nyuzi nyeusi zilizolowa ambazo niliziondoa kwa kijiko. Povu lenyewe halijaoza, kwa kuwa polistairini hainywi maji kama mbao, lakini lilikuwa limeachana na faibaglasi na maji yalikuwa yamekaa katikati.

Kazi ya kuondoa silikoni juu ya paa ndiyo iliyochosha kuliko zote. Silikoni huacha utando usioonekana ambao rangi, resini, gundi, hata silikoni mpya havishiki juu yake. Ukianza moja kwa moja na msasa unautandaza utando huo na kuusukumia kwenye mikwaruzo. Tuliikata kwa wembe wa kukwangulia, tukaisugua kwa kitambaa kikavu, ndipo tukapiga msasa namba 80, tukibadilisha kipande mara kwa mara. Mzee alinipa kipimo kizuri: nyunyiza maji safi, na yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, silikoni bado ipo, yakitandaa sawasawa, umemaliza. Kuzunguka dirisha la paani ilibidi kurudia mara nne.

Jumapili, 2 Februari

Ukaushaji, juma zima. Tulitoboa matundu madogo kwenye plaiwudi ya ndani kando ya ule ukanda wenye unyevu na kuelekeza feni mbili. Mwanzoni niliziacha feni zikiwaka usiku kucha, na asubuhi usomaji haukuwa umeshuka hata kidogo. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu hewa ya usiku ya Dar es Salaam imejaa unyevu wa bahari, nami nilikuwa nikiipuliza ndani ya mbao. Tangu Jumanne tunawasha feni saa nne asubuhi, tunazima saa kumi, na usiku tunafunga kila kitu. Usomaji wa juu ya jiko umeshuka kutoka 27 hadi 23, kisha 19, na leo 17.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee alikuja na ndoo yake ya resini ya poliesta, mkeka wa faibaglasi na chupa ya kigumishi, kama anavyofanya kwa boti. Nilimwomba tufanye jaribio kabla ya kuanza, kwa kuwa boti zake hazina povu la polistairini ndani na gari hili linalo. Tulichukua kipande cha povu tulichokikata, kinachotosha kwenye kiganja, tukadondoshea tone moja la resini isiyo na kigumishi.

Tone lilikaa juu kwa muda mfupi, kisha likaanza kuzama. Povu chini yake lilinyauka, kuta za shimo zikarudi nyuma, na baada ya dakika chache palikuwa na kisima chenye kuta za utelezi, kipana kuliko tone lililokichimba. Resini ya poliesta ina stairini ndani yake, na stairini ndiyo malighafi ya polistairini, kwa hiyo huiyeyusha. Kama tungemimina resini ile kwenye ufa, ingekula povu chini ya ngozi bila sisi kuona, na tungebaki na kiraka kizuri juu ya pango. Mzee alikigeuza kipande kile mara mbili mkononi, akasema, "Basi hapa tutumie epoksi," akaifunga ndoo yake.

Epoksi, aina nyingine ya resini, tuliipata katika maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, pamoja na kitambaa cha faibaglasi kilichofumwa cha gramu 300 kwa mita ya mraba. Ule mkeka wa nyuzi zilizokatwa tuliurudisha dukani, kwa sababu gundi inayoushikilia imetengenezwa ili ilainishwe na stairini, na epoksi haina stairini.

Jumapili, 9 Februari

Upapi mpya umeingia. Tuliukata kwa mbao kavu ya mninga, tukaupaka epoksi pande zote sita, hasa kwenye ncha ambako mbao hunywa zaidi, tukauinua kwa jeki mbili ndogo na ubao mpaka ukabana dhidi ya faibaglasi. Tuliziacha jeki hadi leo jioni. Sarafu ya shilingi 200 sasa inatoa sauti kavu mahali pote.

Jumamosi, 15 Februari

Kiraka cha ufa. Kanuni ya kazi hii ni kwamba mteremko wa kuchonga uwe mara 12 ya unene wa ngozi, hivyo kwa ngozi ya milimita 2 tulichonga milimita 24 kila upande wa ufa, tukishuka taratibu mpaka kina kikaishia kwenye ufa wenyewe. Anayejaza ufa kwa fila juu juu anaunganisha kingo nyembamba mbili ambazo zitaachana tena. Mteremko mpana unaifanya faibaglasi mpya ishike eneo kubwa la ile ya zamani. Vumbi lake ni la hatari kwa mapafu na linawasha ngozi siku mbili, kwa hivyo barakoa yenye vichujio, miwani ya kinga na mikono mirefu havikuwa na mjadala.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, paa likiwa nyuzi 26, chini ya turubai lililoinuliwa ili hewa ipite. Tabaka sita za kitambaa, ya kwanza ndogo na ya mwisho pana, kila moja ikilowekwa kwa brashi na kukandamizwa kwa rola mpaka weupe wa hewa ukatoweka na nyuzi zikawa angavu. Kila tabaka iliwekwa wakati ya chini yake bado inanata, ili ziungane zikiwa mbichi.

Tulipata ajali ndogo moja. Kijana wa mzee alichanganya gramu 400 kwa mkupuo katika kikombe kirefu, nami nikamwita kushika kona ya kitambaa. Aliporudi kikombe kilikuwa kimechemka chenyewe na kinatoa moshi, maana epoksi huzalisha joto inapoganda, na ikikusanyika pamoja joto hilo halina pa kutokea. Tulikitoa nje kwenye mchanga. Baada ya hapo tulichanganya gramu 100 tu kwa wakati, kwenye sinia bapa.

Jumapili, 16 Februari

Epoksi imekauka, lakini juu yake kuna utando wa nta unaoteleza kidogo, ambao hutokea zaidi katika hewa yenye unyevu kama yetu. Huoshwa kwa maji na sabuni, kwa dodoki, kabla ya msasa. Ukipiga msasa kwanza unauzika ndani na rangi haishiki. Tumeosha, tumekausha, tumepiga msasa. Mkono ukipita juu ya kiraka macho yakiwa yamefungwa hauhisi kinapoanzia.

Jumamosi, 22 Februari

Leo ni zamu ya skrubu na dirisha la paani.

Matundu ya skrubu ya sola hatukuyajaza tu. Kila tundu lilipanuliwa hadi milimita 10, povu likachimbuliwa kidogo chini ya ngozi, pengo likajazwa epoksi nzito. Mabano yenyewe hayatarudi na skrubu, bali yatabandikwa kwa gundi ya poliyurethani, ambayo huganda kwa kutumia unyevu wa hewa, na unyevu hapa haukosekani. Nimeazimia kwamba paa hili halitatobolewa tena kwa kitu ambacho gundi inaweza kukishika.

Dirisha la paani lilihitaji fikra tofauti. Fremu yake ni ya plastiki, na gundi za poliyurethani zinaweza kudhuru baadhi ya plastiki zikapasuka, kwa hiyo tumelikalisha juu ya utepe wa butili, mpira laini unaonata, ambao haugandi kamwe na hunyumbulika kila siku. Kunyumbulika ndiko hasa kunakotakiwa. Nilipima paa kwa kipimajoto cha miale: alfajiri nyuzi 24, saa nane mchana 54. Kwa tofauti hiyo, reli ya alumini ya mita 4 iliyo ukingoni hurefuka karibu milimita 2.8, na plastiki ya akriliki hutanuka kwa kiasi cha mara tatu ya alumini ya urefu uleule. Hilo hutokea kila siku ya jua na kurudi kila usiku. Kiungo kilichozibwa kwa kitu kigumu hakina budi kupasuka mahali fulani.

Skrubu za fremu tulizikaza kidogo tu, tukaenda kunywa chai, tukarudi kuzikaza tena wakati jua limelainisha butili. Iliyotoka pembeni tutaikata baada ya siku kadhaa, si leo.

Jumamosi, 1 Machi

Rangi nyeupe ya poliyurethani ya sehemu mbili juu ya viraka vyote, kwa kuwa epoksi isiyofunikwa huharibiwa na jua. Tulimaliza kabla ya saa tano ili iwe imeshika kabla ya umande. Ramadhani ikiandama kesho, mzee hatapanda paani mchana mwezi mzima, nami nisingemwomba.

Jumamosi, 8 Machi

Blawa tena, na mpira uleule wa mwashi. Mara hii maji yalipanda hadi milimita 25 kwa mwendo uleule wa blawa ambao Januari ulifika 18, jambo linaloonyesha peke yake kwamba hewa imekosa njia. Tuliipunguza hadi 20 na kupaka sabuni. Sehemu sita kati ya saba zilinyamaza. Ya saba, kwenye waya wa antena, ilitoa povu dogo kila baada ya nusu dakika hivi. Hewa ilikuwa ikipita ndani ya ganda la waya wenyewe na si pembeni yake. Tuliutoa waya ule, tukaliziba tundu lake kwa epoksi kama yale ya sola. Redio tutaisikilizia kwenye simu.

Jumapili, 23 Machi

Mvua ilianza jana saa tisa usiku. Nilitoka na tochi na kulala kwenye kitanda cha watoto, ambacho bado hakina godoro wala dari, nikitazama upapi wa mninga na upande wa chini wa kiraka. Mvua ilipiga kwa nguvu kwa muda wa saa moja na nusu, kisha ikalegea, kisha ikarudi. Nilipapasa upapi kila nilipozinduka. Asubuhi nilipima: upapi 15, juu ya jiko 16, kona ya nyuma kushoto 16, kando ya dirisha la paani 16.

Dari la ndani halitarudishwa sasa. Nimeacha matundu manane ya kipimo, kila moja na kizibo chake cha plastiki, na karatasi ya mraba imebandikwa mlangoni mwa kabati la nguo. Tutapima kila Jumapili mpaka masika yaishe, na kipimo kinachofuata ni tarehe 30.